PS5 au kadi ya michoro ya bei nafuu? Fungua kasha la kompyuta kwanza

Kadi ipi ya kompyuta inalingana na PS5? Hilo halina ubishi mkubwa. PS5 ina chipu ya AMD ya ukoo wa RDNA 2, vitengo 36 vya kukokotoa vinavyokimbia hadi GHz 2.23. Radeon RX 6700 (ile isiyo na XT) ina vitengo 36 hivyohivyo vya ukoo uleule, na memori ya GB 10. RX 6600 ina 28, kwa hiyo iko nyuma kidogo. Kwa Nvidia, RTX 2060 Super na RTX 3060 ziko mtaa huohuo. Xbox Series S yenye vitengo 20 inapitwa na RX 6600 mchana kweupe, na Series X yenye 52 inataka RX 6700 XT ndipo mwende sambamba.

Wengi wakishapata jibu hilo wanakimbilia kununua RX 6600 ya mtumba, wakiwa na ile desktop ya ofisini iliyotoka Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ambazo Luthuli ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimejaa. Hesabu inaonekana tamu: mashine tayari ipo, ongeza kadi, umepata PS5 kwa nusu ya bei. Mashine yenyewe ndiyo inayoharibu hesabu.

Chukua OptiPlex 9020 ya kasha kubwa. Pawa saplai yake ni ya wati 290 na haina waya wowote wa kulisha kadi ya michoro. RX 6600 inakula hadi wati 132. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye bodi, inatoa wati 75 tu, zinazobaki lazima zipite kwenye plagi ya pini 8. Fundi atakuuzia adapta inayogeuza waya wa diski wa SATA kuwa pini 8, na kompyuta itawaka vizuri tu. Lakini plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukicheza muda mrefu plastiki inaweza kulainika, pini zikaungua, na siku mbaya ikaondoka na bodi. Adapta hiyo usiikubali hata ukipewa bure.

Njia halali ni kubadilisha pawa saplai. Sasa utakuta kwamba plagi kuu ya bodi ya 9020 ina pini 8, wala si 24 za kawaida. Kuna waya wa kugeuza 24 kwenda 8, wa bei ndogo, na huo hauna tatizo. Tafuta pawa saplai ya wati 450 au 500 ya kampuni inayoeleweka, na kabla hujalipa pima nafasi ndani ya kasha: urefu wa kadi hadi kwenye kibanio cha diski, na nafasi ya pawa saplai yenyewe. Kama mashine yako ni ile nyembamba ya SFF, sahau haya yote. Inapokea kadi za kimo kifupi (low profile) tu.

Kwa SFF, na kwa asiyetaka kugusa nyaya, kadi zisizohitaji plagi ni chache. RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 na ina matoleo ya kimo hicho kifupi. Ndiyo ninayoiona bora katika kundi hilo, ila usiitarajie kuigusa PS5. Inabishana na Series S. GTX 1650 ni ya zamani na ina GB 4. Baadhi ya matoleo yake yana plagi ya pini 6, kwa hiyo angalia kadi yenyewe, sio jina lililo kwenye boksi. RX 6400 inatumia wati 53, lakini inawasiliana na bodi kwa njia 4 tu za PCIe. Kwenye bodi mpya ya PCIe 4.0 hutagundua. Kwenye bodi ya PCIe 3.0, na hizo ndizo mashine zetu, memori yake ya GB 4 ikijaa gemu inaanza kukwama kila sekunde chache. RX 6500 XT ina ugonjwa huohuo na bado inadai plagi. Intel Arc nazo ni kadi nzuri kwa bei yake, ila zinahitaji Resizable BAR (prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo), kitu ambacho i5 ya kizazi cha nne, ile ya 9020, haina. Usiiweke humo.

Tuseme umeme umetatuliwa na RX 6600 imekaa. Bado kuna prosesa. PS5 ina kori 8 za Zen 2, na gemu za sasa zinaandikwa kwa kuzitegemea. i5-4590, ya kizazi hicho cha nne, ina kori 4 na nyuzi 4. Dalili ni rahisi kuiona: fungua Task Manager gemu ikiendelea. Prosesa ikiwa asilimia 100 na kadi iko 50 au 60, umebanwa na prosesa, na kushusha rezolusheni hakutasaidia kitu. Kinachosaidia ni kupunguza wingi wa watu na magari, umbali wa kuona, na kufunga fremu 30 au 40 kwa sekunde. Mimi siweki RX 6600 chini ya i5-8500, yenye kori 6. Angalia na ramu pia: mashine hizi mara nyingi huja na kijiti kimoja cha GB 8. Ongeza cha pili kinachofanana nacho ili vifanye kazi kwa pamoja. Fremu zinapanda, na kukwama kwa ghafla kunapungua zaidi.

Jambo la memori ya kadi watu hulipuuza. PS5 na Series X zina GB 16 zinazotumiwa na prosesa na michoro kwa pamoja. Series X inaziachia gemu GB 13.5. Kadi ya GB 8 haiwezi kubeba picha za nyuso na kuta zilizoandaliwa kwa nafasi hiyo. The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, wenye GB 8 walijionea. Dawa ni kuweka textures (ndizo picha hizo) kwenye medium na kuacha mengine juu. Kadi ikiwa na nguvu lakini picha zinachelewa kuja au zinabaki na ukungu, tatizo ni hilo, sio dereva (programu inayoendesha kadi).

Halafu zipo gemu ambazo kadi ya zamani haizifungui kabisa. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinadai ray tracing (kukokotoa njia za mwanga) ya ndani ya chipu. RX 580 na GTX 1660 Super zinaishia mlangoni, ilhali Series S inaziendesha. Battlefield 6 nayo inataka kinga za usalama za kompyuta, Secure Boot na TPM 2.0, ilhali 9020 ina TPM 1.2. Kwenye konsoli maswali hayo hayapo.

Kwa mpira, tulia. EA Sports FC haihitaji kadi kubwa, FC 24 ilitaja GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini. Kama ni mpira tu, RX 580 ya GB 8 inakutosha na chenji inabaki.

Gharama za baadaye zinaegemea upande wa kompyuta: kucheza mtandaoni hakulipiwi, na punguzo za Steam, duka la gemu za kompyuta, ni za kweli. PS5 inadai usajili wa kulipia wa PS Plus ili kucheza mtandaoni gemu za kununua, ingawa za bure kama Fortnite hazidai. Kadi za zawadi lazima ziwe za nchi ileile ya akaunti, ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Lakini PS5 ya diski ina faida yake: unanunua gemu, unaimaliza, unaiuza. Series S haina diski, na gemu moja ya GB 100 ni bando la kuumiza. Nafasi inayobaki kwenye ile ya GB 512 ni kama GB 364.

Kwa hiyo mwenye mashine ya kori 6 yenye kasha kubwa anunue kadi. Anayeanza bila kitu, na hana kazi nyingine ya kompyuta, achukue PS5 ya diski.

Ukienda kununua kadi ya mtumba, beba GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kwenye flashi. Kadi bandia inajitaja: GPU-Z inaandika [FAKE] mbele ya jina, mara nyingi ni chipu ya zamani ya Nvidia iliyobandikwa jina la GTX 1050 Ti. Kwa RX 580 tazama mstari wa Shaders: 2304 ndiyo kamili, 2048 ni ile iliyopunguzwa, na bei ipungue. Kisha washa FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika 15. Vidoti vya rangi, skrini nyeusi au feni inayolia, rudisha. Joto likipita nyuzi 85 za Selsiasi lakini picha ni safi, huenda ni pesti ya kupitisha joto iliyokauka. Omba punguzo, na ukifika nyumbani ibadilishe ukiwa na pedi mpya za memori za unene uleule, kwa sababu zile za zamani hukatika ukifungua.