Nilivyofuatilia Jensen FF zimebaki ngapi, nikiwa hapahapa Mtwara

Kuna fundi wa hapa Magomeni tunabishana nae magari kila siku, safari hii akang'ang'ania eti Jensen FF, gari la zamani la Kiingereza, zimebaki kumi dunia nzima. Kumi kazitoa wapi, hasemi. Mi nnachojua zilitengenezwa 320 tu, West Bromwich kule Uingereza, 1966 mpaka 1971, injini V8 ya Chrysler, inavuta tairi zote nne na breki ni Dunlop Maxaret, teknolojia ya ndege hiyo, yani ABS (breki zisizogandisha tairi) kabla watu hawajaijua ABS. Na zote usukani kulia, ingeteleza tu barabara ya Shangani bila shida haha.

Sasa kujua zilizobaki. Serikali ya Uingereza inatoa takwimu za magari kila robo mwaka, bure kabisa, faili linaitwa VEH0120. Shida ni zito, simu yangu ikawa inaganda na bando linayeyuka, nikaenda steshenari ya mshkaji jirani na soko kuu akanishushia kwenye kompyuta yake, tukachuja zibaki Jensen peke yake, hapo likawa jepesi.

Pa kuwa makini ni hapa, aina moja ya gari inakuwa na mistari miwili, zenye laisensi na zenye SORN. SORN maana yake mwenyewe katoa taarifa kwamba gari limepaki, haliingii barabarani. Ukihesabu zenye laisensi tu umeliwa, sababu gari za hivi wengi wanazifungia baridi ikianza, namba inashuka, jua likirudi inapanda, kwaiyo jumlisha zote. Kule hata gari lililopita miaka 40 ambalo halilipi kodi lazima mwenyewe aombe upya kila mwaka, ndo maana hesabu zao zina mashiko. Sisi rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, binafsi nilifurahi, ila kwa gari za bongo njia hii haipo.

Halafu majina. FF na Interceptor, modeli nyingine ya Jensen, ni pacha, FF unaijua kwa matundu mawili ya hewa ubavuni nyuma ya tairi la mbele, Interceptor lipo moja, na karani anaejaza fomu hahesabu matundu. Magari mengi ya zamani yameandikwa MODEL MISSING tu basi, yani modeli haijulikani, kwaiyo chochote utakachopata kichukulie cha chini. Zilizovuka kwenda nchi nyingine hazimo kabisa.

Namba yenyewe siiweki, robo ijayo itakuwa nyingine, kashushe mwenyewe. Nilivyompelekea fundi hata hakuitazama, "hizo za Uingereza, mi nilisema dunia". Jeuri, ila ana hoja. Za nje dawa yake ni kufuata namba ya chesisi moja moja kwenye matangazo ya minada, na kwa gari 320 inawezekana, tumeshaanza kuziandika nyuma ya daftari lake la spea.