Kabati la gemu na chogo lililolala ubavu

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimenunua plaiwudi, kwa hiyo mradi umeanza rasmi. Chanzo chake ni ubishi. Krismasi iliyopita nilikaa zaidi ya saa nzima kwenye kibanda cha fundi TV pale Mwanjelwa tukibishana kuhusu Pac-Man, ile gemu ya zamani ya kiduara cha njano kinachokula nukta huku kikikimbia vizuka. Yeye alisema vile vizuka vinne vinazurura ovyo tu. Mimi nikasema kila kimoja kina akili yake. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kumnyamazisha mwenzake. Nilirudi nyumbani nimechangamka kuliko siku yoyote niliyomfunga mtu kwenye PS. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza: nikitengeneza kabati la gemu kama yale ya zamani, ya kusimama, nikaliweka kwenye fremu yangu ya stationari hapa Soweto ya Mbeya, ubishi wa namna ile nitaupata kila Jumamosi jioni.

Plaiwudi ni ya milimita 18, imetoka Mafinga. Nimechukua mbili. Seremala alidhani ni kabati la vyombo. Nikamwonyesha mchoro, akauangalia sana, kisha akauliza, "Sasa bosi, sahani zitakaa wapi?"

Jumapili, 15 Juni

Gundi haikauki. Usiku wa Mbeya mwezi huu ni wa blanketi mbili, na gundi nyeupe ya mbao ikipata baridi ya chini ya nyuzi 10 inabaki kama uji uliolala. Nimehamishia mbavu za kabati jikoni. Mke wangu anazipita kwa ubavu akienda kuchukua chumvi, na hasemi kitu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Chogo limepatikana, yaani TV ya zamani yenye mgongo! Inchi 14, shilingi 20,000, kutoka kwa yule yule fundi. Alinicheka: watu wanatupa machogo, wewe unanunua. Nikamwambia gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya kioo cha namna hii. Picha nzima ya Pac-Man ni nukta 224 kwa 288 tu. Kwenye TV bapa kila nukta inasimama peke yake na kona zake, unaona vigae vya bafuni. Kwenye chogo nukta zinayeyukiana kidogo, na kizuka kinakuwa kizuka.

Kompyuta ni Raspberry Pi 3, kadogo kama pakiti ya sigara, yenye MAME, programu ya kuchezesha gemu za mashine za zamani, ambayo Mwitaliano Nicola Salmoria aliianza mwaka 1997 ili mashine za zamani zisife na bodi zake. Nikachomeka waya wa AV, njano kwenye njano kama inavyotakiwa. Giza. Nikabadilisha kadi, nikabadilisha chaja, nikamlaumu aliyeniuzia. Saa mbili baadaye mpwa wangu, yuko kidato cha pili, akachomoa ule mwekundu akauingiza kwenye tundu la njano na picha ikaja. Kumbe waya wenyewe ulikuwa wa kamera ya video, na nyaya za namna hiyo mpangilio wake wa ndani ni tofauti.

"Mjomba, rangi ni rangi tu," akaniambia. Nimeandika hapa ili isisemwe nilificha.

Picha ilikuja lakini inadunda dunda. Chogo za kwetu zimezoea mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na gemu hizi zinakwenda karibu 60. Nikahamisha Pi iende NTSC, mfumo wa picha karibu 60, mdundo ukaisha, rangi zikapotea: Pac-Man mweusi na mweupe. Fundi alinielekeza kwa simu niingie kwenye menyu ya TV, sehemu ya mfumo wa rangi, nichague NTSC badala ya kuiachia yenyewe. Njano ikarudi. Nilipiga kelele hadi mama wa chipsi wa fremu ya jirani akaja kuchungulia kama kuna mwizi.

Jumamosi, 28 Juni

Hii ndiyo siku niliyoiogopa. Space Invaders, Pac-Man, Donkey Kong na Galaga zote zilitengenezwa kwa kioo kilichosimama wima, yaani TV imelazwa ubavu. Fundi hakutaka kusikia. Alisema TV hailali ubavu, kama ng'ombe: ukiona imelala ujue inaumwa. Tukakubaliana aje mwenyewe, na mimi nisiguse ndani. Hapo hana utani, na yuko sahihi. Kwenye kioo cha chogo kunaingia zaidi ya volti 20,000, na nyingine zinabaki humo hata ukishachomoa waya ukutani.

Tukailaza. Tukawasha. Kona moja ikawa zambarau, nyingine kijani kichafu. Nilidhani nimeua TV. Fundi akavuta kigoda, akaomba chai, akaanza somo, nami naliandika hapa karibu kama alivyolisema.

Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu madogo mno, linaloongoza miali ili nyekundu iguse nyekundu na kijani kiguse kijani. Bati hilo linashika usumaku. Dunia nayo ni sumaku, na TV imezoea kuihisi ikiwa imekaa. Ukiilaza, usumaku unaikuta kwa upande mwingine, miali inahama kidogo na rangi zinachanganyika. Dawa yake iko ndani ya TV yenyewe: waya uliozungushwa pembeni mwa kioo, ambao kila ukiwasha TV iliyopoa unanguruma sekunde moja na kufuta usumaku wa zamani. Lile "bwuum" tulilolisikia utotoni, mimi nilidhani ni spika. Basi zima, subiri ipoe, washa tena.

Tulisubiri dakika 20, chai ya pili. "Bwuum." Zambarau ikapungua. Tukarudia mara mbili na ikaisha yote. Nikatoboa matundu ya hewa upande ambao sasa ni juu, kwa sababu joto halijui kwamba tumelaza TV.

Jumamosi, 5 Julai

Vitufe na joistiki vimefika kwa basi kutoka Dar. Joistiki watoto wa mtaani wanaiita gia, na jina limeshika, nami nitaiita hivyo hivyo. Gia imekataa Pac-Man: unamwambia kona anapitiliza. Mpwa akasema ni mbovu. Si mbovu, inakubali pande nane, wakati Pac-Man anajua nne tu. Ukiisukuma ikaangukia kati ya juu na kulia, gemu haikuelewi. Chini yake kuna kipande cha plastiki ambacho ukikigeuza kinaziba hizo pande za pembeni. Skrubu nne, dakika tano.

Vijana wa boda wamegoma. Wanataka Street Fighter II ya 1991, na hiyo ni ya kioo kilicholala, kwa hiyo kwenye kabati langu inatokea ndogo katikati kama picha ya pasipoti. Nimewaambia watengeneze la kwao.

Jumamosi, 12 Julai

Kabati limesimama nyuma ya mashine ya fotokopi. Limepakwa rangi nyeusi pande mbili, upande wa tatu bado, rangi imeisha.

Leo watu walikuwa saba, na nimegundua kitu. Kwenye PS wawili wanashika pedi, wengine wanashika simu. Hapa anacheza mmoja, dakika tatu anakufa, na hao sita hawana kazi nyingine ila mdomo. Mashine hizi zilitengenezwa ili zimeze sarafu haraka. Hilo ndilo linalotuletea mazungumzo. Ukifa unaingia upande wa wasemaji na unakuwa mtaalamu papo hapo.

Mada ya leo ilikuwa Space Invaders, ile ya kupiga risasi jeshi la wavamizi linaloshuka kutoka juu. Kijana mmoja wa boda alilalamika kwamba mashine ina roho mbaya: ukikaribia kushinda wale wavamizi wanaongeza mwendo. Mpwa akasema ni leveli. Fundi, ambaye sasa anafunga kibanda mapema siku za Jumamosi, akasema hapana, umeongeza mwendo wewe mwenyewe kwa kuwapunguza. "Fuso likipanda na viazi linalia. Likishashusha mzigo, kilima kile kile linapepea."

Nilitaka kumkumbatia. Hakuwahi kusoma habari zake popote, lakini ndivyo ilivyo. Tomohiro Nishikado wa Taito alipoitengeneza mwaka 1978 alitumia prosesa ya Intel 8080, dhaifu kwa kazi ile. Wavamizi ni 55, safu tano za kumi na mmoja, na mashine inamsogeza mmoja tu kila picha inapochorwa. Picha ni kama 60 kwa sekunde, kwa hiyo wakiwa wote, jeshi zima linachukua karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Akibaki mmoja, anapiga hatua kila picha. Nishikado aliona hivyo, akaona inanoga, akaiacha. Tukawasha tena tukahesabu kwa sauti, watu saba wazima wakihesabu mbele ya kabati, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akasimama mlangoni bila kujua aingie au aondoke.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya hukumu ya ubishi wa Krismasi.

Bingwa wa Pac-Man kwa sasa ni mama wa chipsi. Anacheza mkono mmoja, mwingine una unga. Fundi alimuuliza anavikwepaje vile vizuka kama vina akili. Akajibu bila kugeuka: "Huyu mwekundu anakuja nyuma yako. Huyu wa pinki haji nyuma, anakutangulia kukusubiri. Ukigeuka ghafla umemwacha." Mpwa akakimbilia karatasi. Jioni ikaisha kila kizuka kina jina la Mbeya.

Mwekundu, Blinky, ni Mgambo: anakufuata ulipo, basi. Wa pinki, Pinky, ni Trafiki, kwa sababu analenga hatua nne mbele ya uso wako na anakungoja hapo. Wa chungwa, Clyde, ni Mlevi. Anakujia kwa kasi, akifika ndani ya hatua nane anasahau alichokuja kufanya na kurudi kwenye kona yake. Wa bluu mpauko, Inky, alitusumbua zaidi, hadi nilipowaeleza kwamba hesabu yake inaanzia alipo Mgambo: unapiga mstari kutoka kwa Mgambo hadi hatua mbili mbele ya Pac-Man, halafu unaurefusha mara mbili. Bila kujua Mgambo yuko wapi huwezi kujua Inky anakwenda wapi. Huyo ni Mpambe, wakasema kwa pamoja.

Wajapani wenyewe waliviita hivyo hivyo kwa tabia zao, anayefukuza, anayevizia, kigeugeu na anayejifanya hajui. Toru Iwatani wa Namco, aliyeitengeneza mwaka 1980, alitaka gemu ya kuvuta wanawake kwenye kumbi zilizojaa wanaume na mizinga, akachagua kula. Nilipolisema hili mama wa chipsi alikuwa leveli ya saba, hakusikia.

Fundi je? Hakubali kushindwa. Aliuliza: Pac-Man akila nukta kubwa vikageuka bluu vyote vikakimbia, navyo vinafuata akili gani? Hapo nikabanwa. Vikiwa bluu, kwenye njia panda vinachagua pa kukata kwa namba za kubahatisha. "Ovyo," akasema fundi, akavaa koti. Amepata robo ya ubishi na ameondoka nayo kama ng'ombe mzima.

Jumamosi, 26 Julai

Mwenyekiti wa mtaa alikuja. Kuna mtu kamwambia nimefunga dubwi, lile la Wachina la kulamba mia tano za watoto. Nikampa shikamoo na kiti, nikamwonyesha kabati mbele na nyuma: halina tundu la sarafu, halitoi hela, halili hela. Akaridhika. Lakini hakuondoka.

Akaomba nimwashie "ile ya ngome", yaani Space Invaders. Kumbe zamani alikuwa utingo wa malori ya Zambia, na kwenye hoteli moja ya Kitwe aliiona hiyo mashine. Akasikiliza zile sauti nne zinazoshuka, dum, dum, dum, dum, akatikisa kichwa. "Yenyewe. Ila ya kwenu haina mwezi. Na rangi haikuwa hivi. Rangi ilikuwa karatasi."

Nimesoma habari za gemu hizi miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha vizuri namna hiyo. Kioo cha mashine ile kilikuwa cheusi na cheupe. Rangi zilikuwa vipande vya karatasi ya plastiki juu ya picha, kijani chini kwenye ngome na bunduki, nyekundu juu kinapopita kile chombo cha wavamizi chenye umbo la sahani, na mvamizi akishuka hadi chini anageuka kijani bila gemu kujua. Kwenye makabati ya kusimama picha iliakisiwa na kioo cha kujitazamia, ikaelea mbele ya mwezi uliochorwa. Mwenyekiti anakumbuka kwa sababu karatasi ya Kitwe ilibanduka kona moja na wahuni walikuwa wakiichokonoa.

Tuliongea hadi saa tatu usiku. Hakucheza hata mara moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Wiki iliyopita sikufanya kitu. Jana ilikuwa Nane Nane, mpwa na wenzake walishinda viwanja vya John Mwakangale, nami nikapita Mwanjelwa nikanunua karatasi za nailoni za kufungia zawadi, kijani na nyekundu. Nimezima rangi kwenye TV, nikabandika kijani chini kwa selotepu. Ngome nne zikawa kijani. Bunduki kijani.

Mwenyekiti kapita saa kumi na moja, kasimama mlangoni na mwavuli wake, kaangalia kidogo.

"Shusha kidole kimoja," akasema.

Nimeshusha. Mwezi bado, seremala anauliza kama huo nao ni wa sahani.