Tuliwahi ibada kwa saa nzima

Mvua ya Wuppertal, hapa Ujerumani, inanyesha tangu asubuhi, ile mvua ya kwao isiyo na radi wala haraka. Baba Neema amesinzia kitini, kitabu cha sarufi ya Kijerumani kimefunguka kifuani. Miezi sita imetimia tangu tufike hapa na mabegi manne, moja likiwa la vitenge na majani ya chai tu.

Watu wa nyumbani wakipiga simu huuliza swali lile lile: "Mama Mchungaji, mmeshabatiza wangapi?" Huwa najibu kwamba tunamshukuru Mungu, kazi inaendelea. Ukweli ni kwamba hatujabatiza hata mmoja. Tulichokifanya kwa bidii mpaka sasa ni kujifunza takataka ipi inakwenda pipa lipi.

Tulipostaafu, yeye uchungaji na mimi unesi, tulijua tutazeekea shambani Lushoto. Kisha ikaja barua kupitia dayosisi: UEM, shirika la misioni la makanisa, inatafuta wanandoa wa kuja kuhudumu Ujerumani. Shirika hili lilizaliwa hapa mwaka 1971, misioni mbili za Kijerumani, ya Rhein na ile ya Bethel, zilipoungana, na tangu 1996 makanisa ya Afrika na Asia ni wanachama sawa na ya Wajerumani. Wamisionari wa Bethel ndio waliokuja kwetu Usambara na kufungua kituo cha Mlalo mwaka 1891. Watoto wetu walicheka: sasa ni zamu yenu.

Na kweli ni zamu yetu. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi watoto walivyomfuata mama mmoja wa kizungu wa misheni njia nzima, kusudi wamsikie akikosea Kishambaa. Siku hizi namkumbuka sana yule mama. Wajerumani hutanguliza moja kabla ya kumi. 52 kwao ni "mbili na hamsini". Mimi, niliyepima dozi za watoto wachanga miaka thelathini, husimama dukani kwa mkate na kutoa senti 25, na msichana wa kaunta hunisubiri kwa upole unaoniumiza kuliko angenicheka.

Jumapili yetu ya pili kanisani ilikuwa sikukuu ya mavuno, mwanzoni mwa Oktoba. Madhabahu imejaa maboga, karoti, maapulo, mitungi ya jamu. Baba Neema alichangamka, ibada ilipokwisha akamuuliza mzee wa kanisa nani anaendesha mnada. Mnada gani? Ikabidi tueleze, kwa Kiingereza chetu na chao, kwamba kwetu sadaka ya mavuno hunadiwa pale pale nje. Mtu hununua kuku kwa bei ya mbuzi, kisha humrudisha anadiwe tena. Walisikiliza kwa adabu. Vyakula vikapakiwa kwenye gari kupelekwa kwa wenye shida, jambo zuri kabisa, lakini Baba Neema alirudi nyumbani kimya. Nadhani alichokikosa ni zile kelele.

Mwisho wa mwezi huo huo tulifika ibada ya saa nne tukakuta mlango umefungwa. Tukasimama kwenye baridi, tukajisifu kwa kuwahi, tukaanza kuwasema Wajerumani na sifa zao za kujali muda. Saa nzima! Usiku ule walikuwa wamerudisha saa nyuma, na sisi tulikuwa tunafuata saa ya mkononi ya Baba Neema, ambayo haina habari na mambo hayo.

Kazi yenyewe niliyopewa ni kutembelea wazee. Wengi wanaishi peke yao, na majirani hujua tu kwamba wapo kwa sababu taa inawaka. Kila Jumatano naenda kwa bibi mmoja wa Barmen, sehemu ya mji huu, aliyevuka miaka 90. Napanda ile treni ya kuning'inia juu ya mto Wupper, ambayo imekuwa ikitembea tangu 1901 na bado mimi hufumba macho kwenye kona. Bibi hukata keki, humimina kahawa, huzungumza. Nusu naelewa. Alikuwa mtoto wa miaka kumi usiku ule wa Mei 1943 mji wake ulipopigwa mabomu. Anaposimulia hilo hazungumzi haraka, basi huwa naelewa zaidi.

Mwezi uliopita aliniambia, huku akikata keki, kwamba muda wa kaburi la mume wake unakwisha mwakani. Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe hapa kaburi lina mkataba: miaka 20, 25, 30, kutegemea mji. Ukiisha, familia hulipa tena, au sehemu ile hupewa maiti mwingine. Mwanawe yuko Kanada, na bibi mwenyewe hana hakika kama alipie tena.

Nikamweleza kwamba mama mkwe wangu amelala hatua chache kutoka jikoni, penye migomba, na wajukuu huanika mahindi juu ya saruji ya kaburi lake. Akaweka kisu mezani.

"Na hakuna anayelipa?"

"Hakuna."

Akanyamaza muda mrefu. Nami sikuongeza neno. Unesi umenifundisha kukaa karibu na mtu bila kumjaza maneno. Mchungaji wa nyumba hii, Baba Neema, alipoamka kitini siku nilipomsimulia, alisema angemsomea zaburi. Labda. Lakini yeye hakuwepo.

Nilipokuwa navaa koti bibi akaniambia nimwite "du". Kijerumani kina "wewe" mbili, ya heshima na ya watu wa karibu, na mkubwa ndiye anayetoa ruhusa. Nilishtuka. Mimi, mwenye miaka 63, nimwite mama wa umri ule kama tuliocheza wote? Ulimi ukagoma. Nikamwambia tubadilishane: nitamwita du, lakini nikiingia nitamsalimu shikamoo, naye ataitikia marahaba. Ameliandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya simu. Leo ameitikia kabla sijamaliza kufungua mlango.

Jumapili hii wanasogeza saa mbele. Baba Neema amekwisha kuirekebisha ya mkononi, siku nne kabla, na sasa hatuna hakika ya saa ya chakula. Tukikosea safari hii tutawakuta wanasema amina.