Maji ya moto bila makala (makaa)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, tangu tufunge kifaa cha jua cha kupasha maji juu ya bati, mbabula (jiko la makala) hatuiwashi tena kwa maji ya kuoga, isipokuwa siku za mawingu. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya asubuhi inauma kweli, lakini mchana anga ni safi, jua kali mpaka jioni. Fundi alikielekeza kaskazini, maana kipindi hiki jua linapita upande huo. Maji yanapata moto ndani ya mirija ya kioo, yanapanda yenyewe kwenye tanki, ya baridi yanashuka. Hakuna pampu, umeme ukatike usikatike! Mama mkwe alifungua robine alfajiri, mvuke ukatoka, akaita watoto wote waje kuona. Siku za mawingu tunaongeza sufuria moja ya maji kwenye mbabula. Siku nyingine zote makala sasa ni ya bukari (ugali) tu.