Jani la mkungu, udongo mwekundu na gundi

Kuchora kwa hisia, yaani bila kupanga picha mapema, hapa kwa jani kavu na rangi ya udongo juu ya ubao, hakuna maana ya kubandika chochote kilichookotwa. Mkono uache uende utakako, lakini jani likauke kwanza. Jani bichi chini ya gundi huota ukungu, na madoa yake meusi hayafutiki.

Majani mekundu ya mti wa mkungu yanayodondoka ni mazuri kuanzia. Yapange kati ya magazeti, weka tofali juu, badilisha magazeti kila siku kwa siku 4, kisha yaache wiki 2. Vunja kikonyo: kikilia, tayari, kikipinda, bado. Ule wekundu usiutegemee, utageuka kahawia.

Rangi ichukue kwenye udongo mwekundu. Wekundu wake ni kutu ya chuma, haupauki kwa mwanga kama bizari ya jikoni. Koroga udongo ndani ya ndoo ya maji, subiri nusu dakika mchanga utuame, mimina maji ya tope chombo kingine yalale hadi kesho. Tope laini likikauka, changanya kijiko 1 na kijiko 1 cha gundi nyeupe ya mbao na matone ya maji. Gundi ikipungua, rangi inatoa vumbi ukiigusa. Ukipaka nene, inapasuka.

Ubao wa hadibodi wa sentimita 30 kwa 40 usugue kwa msasa, paka rangi nyeupe ya maji pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu utapinda.

Sasa penseli weka kando. Sambaza udongo kwa kitambaa, acha ukauke, kisha geuza ubao pande zote 4. Kuna upande mmoja ambao doa litaanza kuonekana kama kitu, mlima au kijito, na hapo ndipo jani linapokaa. Lijaribu bila gundi kwanza.

Mshipa wa kati ndio msumbufu: ni mnene, hulinyanyua jani. Uparue kwa wembe upande wa nyuma hadi ulingane na jani. Paka gundi (sehemu 2 kwa 1 ya maji) kwenye jani na ubao, kandamiza kutoka mshipani kwenda kingoni, funika kwa nailoni na vitabu kwa saa 1, kisha funua gundi ipate hewa.

Ukitaka kuongeza mchanga wa baharini kwenye picha, uoshe mara 3 kwa maji ya bomba, maana chumvi huvuta unyevu na rangi hubanduka.

Mistari ya mkaa iwe mwisho kabisa, na ukiiweka picha kwenye fremu, kioo kisiiguse.