V12 ya Century ndani ya 350Z: imewaka, lakini silinda moja ilikuwa imelala

Imewaka. Naanza na hilo kwa sababu miezi mitano mfululizo daftari la mradi huu limejaa vipimo, michoro ya penseli na alama za vidole vyenye grisi.

Nikumbushe kidogo kilichomo. Gari ni Nissan 350Z, la michezo. Injini ni 1GZ-FE ya Toyota, V12 (silinda 12, sita kila upande) ya cc 4,996. Ilifungwa kwenye Century, gari la wakubwa wanaokaa kiti cha nyuma, kuanzia 1997 hadi 2017. Wajapani wameunda V12 nyingine za maana, na ile ya Honda iliyompa Senna ubingwa wa Formula 1 mwaka 1991 ndiyo inayojulikana zaidi, lakini hizo ni za mashindano. Ukitaka V12 ya Kijapani iliyotoka kiwandani kwa ajili ya barabara, utaishia kwenye hii. Kwenye makaratasi ina nguvu za farasi 280 tu, maana enzi hizo watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutovuka namba hiyo. Kwamba chuma chenyewe kinastahimili zaidi, Smoky Nagata wa Top Secret, karakana ya Japani ya kuongeza nguvu magari, alishaonyesha: aliiweka kwenye Toyota Supra, akaifungia turbo mbili, akafika kilomita 358 kwa saa kwenye uwanja wa majaribio wa Nardò, Italia.

Mimi sina turbo wala sina haraka. Mtu anayetaka kasi tu afunge turbo kwenye V6 iliyokuja na 350Z, atanipita mapema sana na usingizi wake hautaguswa. Mimi niliitaka hii V12 kwa sababu ni hii V12.

Kazi iliyonitesa kuliko zote ni kuikutanisha injini ya Toyota na giaboksi ya Nissan. Kwenye giaboksi ya gia sita ya 350Z, koti la klachi (ganda linaloifunika klachi) limesubiwa kipande kimoja na mwili wa giaboksi, kwa hiyo huwezi kulifungua na kuweka lingine. Limekatwa, uso ukasawazishwa kwenye mashine, halafu ikachongwa sahani nene ya kuunganisha. Nilipoifunga mara ya kwanza kila bolti iliingia kwa vidole. Nilifurahi mno.

Kisha nikafunga saa ya kupimia kwenye kichwa cha krenki, ncha yake ikigusa ukingo wa tundu la katikati la giaboksi, nikaizungusha krenki kwa mkono taratibu. Sindano ikatembea milimita 0.40, maana yake kitovu cha giaboksi kimehama milimita 0.20 kutoka kwenye kitovu cha krenki. Jicho halioni kitu hapo, lakini shafti ya giaboksi ingekuwa inasukumwa ubavuni kila mzunguko: beringi ndogo ya nyuma ya krenki inakufa kwanza, klachi inagoma kuachia, na mwishoni unailaumu giaboksi isiyo na kosa. Nikachongesha pini za mwongozo ambazo nusu moja imehama kidogo kutoka kwenye nyingine, nikawa nazigeuza na kupima, nazigeuza na kupima. Jioni nzima. Sasa sindano inatembea 0.08, na nimeiacha hapo.

Rejeta imesogezwa mbele, feni ni mbili za umeme, mauntingi nimechomelea mwenyewe. Hayo hayana hadithi.

Waya ndiyo yenye hadithi. Kwenye Century kila upande wa silinda sita una kontroboksi yake, yaani kompyuta ya injini, ili upande mmoja ukifa mheshimiwa afike nyumbani kwa ule mwingine. Mimi nimetumia kontroboksi moja inayoendesha silinda zote 12, na waya zote nimesuka upya.

Jumamosi nikapiga stata bila petroli hadi presha ya oili ikapanda, nikarudisha fyuzi ya pampu, nikapiga tena. Ikashika. Nikaweka glasi ya maji juu ya injini, maji yakatulia kama yako mezani. Nikapiga picha.

Dakika kumi baadaye pua ikaniambia kitu kingine: petroli mbichi. Ajabu ni kwamba kihisi cha egzosi upande wa kushoto kilisema mchanganyiko una petroli kidogo, na kontroboksi ilikuwa inaongeza asilimia 15. Nikakaa chini. Silinda isipochoma, hewa yake inatoka na oksijeni yote iliyoingia nayo. Kihisi hakijui habari za petroli mbichi, kinaona oksijeni tu, kwa hiyo kinadanganyika. Nikachukua kipima joto cha kuelekeza, nikapita bomba za egzosi moja moja, kila silinda na yake. Kumi na moja zilikuwa zaidi ya nyuzi 200. Ya tatu kutoka mbele, kushoto: 70.

Plagi ililowa. Nikabadilishana koili na ya jirani, silinda ikabaki ileile, basi ni waya. Nilipochungulia kwenye soketi kwa tochi, pini moja ilikuwa imerudi nyuma kwa sababu haikuwahi kujifunga. Hiyo niliisuka mwenyewe usiku wa manane. Nimeisukuma kwa bisibisi nyembamba hadi ikasema “tik”.

Kwa nini sikuisikia ikimisi? Kwenye V12 moto mmoja unakuja kila nyuzi 60 za mzunguko wa krenki. Ukipotea mmoja, pengo linakuwa 120, ambalo ndilo pengo la kawaida la V6 nzima. Yaani ikiwa mgonjwa bado inatulia vizuri kuliko magari mengi yaliyo salama. Tangu siku hiyo kipima joto nimekitundika ukutani karibu na swichi ya taa, na ile glasi nimeirudisha jikoni.

Zilizobaki: propela shafti ikakatwe na kupimwa mizani, klachi itolewe hewa, na boneti, ambayo kwa sasa haifungi kwa vidole viwili.