Siku moja maishani mwangu: kukabidhi Kerrison

Saa 12:30 asubuhi. Mgonjwa wa leo mfereji wa neva umembana kiunoni. Akitembea kidogo tu miguu inakufa ganzi, akiinama mbele anapata nafuu. Mimi ni muuguzi wa mezani, ninayemkabidhi daktari vifaa wakati wa upasuaji. Nafungua seti, naitazama kila Kerrison, koleo jembamba la kung'ata mfupa, kwenye mwanga: mdomo ufunge sawasawa, mpini urudi wenyewe.

Saa 2:15. Amelala kifudifudi, tumbo limeachwa huru ili mishipa ya damu mgongoni isijae. Eksirei inathibitisha pingili.

Saa 3:00. Leksell, koleo kubwa la mfupa, inaanza, inang'oa mwiba wa nyuma wa pingili. Kisha drili, makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Msaidizi anamwagia maji ya chumvi bila kuacha, kwani mfupa ukifika nyuzi 47 hivi kwa dakika moja unaanza kufa. Ukishabaki mwembamba kama ganda la yai, daktari anaomba kichwa cha almasi, kisichoparura.

Saa 4:00. "Tatu." Nampa Kerrison ya milimita 3. Ameshapitisha kijiti butu kuhakikisha utando wa neva haujashikamana na mfupa. Unyayo mwembamba unaingia chini ya mfupa, mdomo wa juu unateleza kuufuata, kipande kinakatika. Anairudisha bila kutoa macho kwenye hadubini. Naufuta mdomo kwa shashi yenye maji, namrudishia. Ang'ate, nifute, nimpe. Kipande kikibaki mdomoni, mng'ato unaofuata haufungi vizuri, na hapo chini ni neva. Ndiyo maana sigeuki kuongea na mtu.

Saa 5:40. Kijiti kinapita kando ya neva bila kukwama. Tunahesabu shashi, sindano na vifaa. Hesabu imetimia.

Saa 8:00 mchana. Nashuka mwenyewe kwenye chumba cha kusafishia, ingawa silazimiki. Damu hupenda kujificha kwenye mfereji wa Kerrison, kwa hiyo zinafunguliwa, zinapigwa brashi, zinakaguliwa kwa lenzi, zinatiwa mafuta. Kabla hazijaenda kwenye mvuke wa nyuzi 134 nazing'atisha karatasi. Inayokata safi, inapita. Inayovuta na kuchana, haipiti, maana hivyo ndivyo itakavyoufanyia utando.

Ya milimita 2 imevuta. Nimeifunga lebo nyekundu iende kunolewa, na nimesaini nyingine iingie kwenye seti ya kesho.